Vitabu vimefungiwa stoo: shule ya msingi isiyo na chumba cha maktaba ianzie wapi?

Mwalimu wa Taaluma, Chamwino

Habari zenu wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu.

Ninafundisha katika shule ya msingi ya kijijini wilayani Chamwino, ambako pia nimekabidhiwa kazi ya taaluma. Mwaka jana watu waliosoma shuleni kwetu zamani, ambao sasa wanaishi mijini, walichangishana na kutuletea vitabu 640 vya hadithi na vya ziada katika maboksi 14. Vilipokewa kwa ngoma, vikapigwa picha, vikaandikwa kwenye leja, kisha vikaingizwa stoo pamoja na majembe, ndoo za uji na mipira iliyopasuka. Hadi leo ninapoandika, hakuna mtoto aliyefungua hata kimoja. Ufunguo anao mwalimu mkuu, na sababu yake si ya kubezwa: hati ya makabidhiano ina jina lake, siku ya ukaguzi atakayeulizwa ni yeye, na mshahara wa mwalimu mnaujua.

Kamati ya Shule imegawanyika. Wapo wanaosema tusubiri chumba cha maktaba kijengwe, kwa kuwa wazazi wamekwisha kufyatua tofali na kusomba mchanga kutoka korongoni, ingawa fedha za bati na saruji hazijulikani zitatoka wapi. Wengine wanasema vitabu vigawiwe sasa hivi, liwalo na liwe. Mimi nilikuwa nimenyamaza katikati, mpaka wiki tatu zilizopita.

Wakati wa mapumziko nilimkuta mtoto wa kike wa darasa la nne amekaa chini ya mbuyu, ameshika kipande cha gazeti lililofungia maandazi. Andazi lilikuwa limekwisha, lakini yeye alikuwa bado anasoma, akiligeuza lile karatasi lenye mafuta upande huu na upande huu. Aliponiona akaniuliza, “Mwalimu, hii inaendelea wapi?” Nilitazama, nikaona habari imekatikia pale gazeti lilipochanwa. Sikuwa na jibu la kumpa, na stoo ilikuwa hatua zisizozidi ishirini kutoka pale tulipokuwa.

Ninaomba ushauri wa waliopita njia hii. Je, tusubiri chumba au tuanze bila chumba? Watoto waruhusiwe kwenda na vitabu nyumbani? Na kitabu kikipotea au kikiharibika, alipe nani?

Mkutubi Mstaafu, Dodoma Mjini

Marahaba, mwalimu. Nimefanya kazi ya ukutubi kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali lako nimeulizwa mara nyingi na walimu waliokuja kaunta na orodha za vitabu mkononi. Jibu langu halijabadilika: msisubiri chumba. Maktaba ya shule inaanza siku mtoto wa kwanza anapoondoka na kitabu na jina lake likabaki kwenye daftari. Kuta na bati zitafuata.

Nitakueleza kwa nini jambo hili linaniuma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata nchi nzima iliingia darasani. Wazee walijifunza kusoma chini ya miti, jioni, wakitoka shamba, katika madarasa ambayo wengi wenu mmeyasikia kwa jina la ngumbaru. Takwimu za Serikali zilionesha kwamba kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamepungua hadi asilimia 9.6. Huduma za Maktaba nazo zilifanya kazi ya kupeleka vitabu vijijini, kwa sababu ilieleweka wazi kwamba mtu mzima aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma, ujuzi humtoka. Hali ya uchumi ilipokuwa mbaya vitabu viliadimika, na nimewaona kwa macho yangu wazee wenye vyeti vya kisomo wakirudi kuweka dole gumba kwenye fomu. Mtoto wa darasa la pili hana tofauti na wazee wale. Amefundishwa kusoma kwa kitabu kimoja cha kiada, amekimaliza, amekikariri. Kama hakuna cha pili, anachokiita kusoma kitabaki kuwa kumbukumbu ya kile kimoja.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Toeni maboksi yote nje, mchambue. Katika vitabu vya msaada huwa hamkosi vya uhasibu wa vyuoni, miongozo ya kompyuta zilizokwisha kuachwa, na hadithi za Kiingereza ambazo hata mwalimu atahitaji kamusi. Vitengeni bila huruma, hata kama aliyevileta ni mtu mwenye heshima zake. Mtoto akifungua vitabu vitatu asielewe hata kimoja, cha nne hatakigusa.

Msihangaike na namba za Dewey, zile za kupanga vitabu maktabani kwa mada. Utaratibu ule ulibuniwa Marekani mwaka 1876, nami nimeutumia maisha yangu yote, lakini kwa vitabu mia sita vya shule ya msingi utawachosha bure. Nunueni utepe wa umeme wa rangi nne. Kijani kiwe kwa vitabu vyenye sentensi moja au mbili kila ukurasa, njano kwa hadithi fupi, nyekundu kwa hadithi ndefu, na bluu kwa vitabu vya maarifa kama wanyama, afya na kilimo. Kipande kidogo kikibandikwa kwenye mgongo wa kitabu, hata mtoto wa darasa la kwanza atajua chake kiko wapi na atajua kukirudisha.

Kisha kuna mchwa. Hapa sitanii hata kidogo: boksi lililowekwa chini na kugusa ukuta, kwa udongo wetu huu wa Dodoma, linaweza kuonekana zima kwa nje huku ndani kumebaki udongo mtupu. Rafu ikae mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja, miguu yake isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, na mtu apite kila wiki kutazama vijia vya udongo. Kwa vumbi la kiangazi, shuka kuukuu iliyotundikwa mbele ya rafu inatosha.

Kuhusu hofu ya mwalimu mkuu wako, mpeni maandishi ya kumlinda. Leja ya mapokezi ibaki kama ilivyo. Liwepo daftari la kuazima lenye tarehe, jina, darasa, namba ya kitabu na tarehe ya kurudisha. Kila mwisho wa muhula Kamati ya Shule ikae, ihesabu, na iandike muhtasari wa vilivyochakaa na vilivyopotea, mwenyekiti na katibu watie sahihi. Wakaguzi niliokutana nao katika kazi yangu walitaka kuona maelezo yaliyoandikwa, na sijakutana na aliyemwadhibu mtu kwa sababu kitabu kimechakaa kwa kusomwa.

Tena, msiogope kufika maktaba ya mkoa pale mjini. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, inayofanya kazi kwa sheria ya mwaka 1975, ina wajibu wa kuzishauri shule zinazoanzisha maktaba, na mkipata mwalimu aliye tayari, chuo chake cha Bagamoyo kinafundisha ukutubi kuanzia ngazi ya cheti.

Mwalimu wa Darasa la Pili, Chemba

Shikamoo mzee wetu. Ninakubaliana nawe kuhusu chumba, lakini sikubaliani na kuchambua maboksi yote kwanza. Nimeona uchambuzi ukichukua mwaka. Mwalimu wa Chamwino afungue boksi moja leo, atoe vitabu thelathini vilivyo rahisi kuliko vyote, avipeleke darasa la pili kesho. Mengine yaendelee nyuma yake.

Ninasema hivyo kwa sababu ya kile ninachokiona kila siku. Darasani kwangu nina watoto 94, na nyumbani kwao wanazungumza Kisandawe, Kirangi au Kiburunge. Kiswahili wengi wanakutana nacho hasa shuleni. Mtaala wa mwaka 2015 wa darasa la kwanza na la pili ulitusaidia sana ulipoweka mkazo kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kwa kuwa tulipata muda wa kufundisha sauti za herufi bila kukimbizana na masomo mengi. Na Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa. Mtoto akizishika sauti, akamaliza na zile ngumu kama za nywa, mbwa na ng’a, anaweza kutamka neno lolote utakalomwandikia ubaoni. Hapo ndipo tunapojidanganya, tukamwekea alama ya vema.

Nilikuwa na mvulana aliyesoma vizuri kuliko wenzake wote. Siku moja alinisomea, “Jogoo aliwika, baba akaamka,” bila kusita hata mara moja. Nikamuuliza ni nani aliyeamka. Akanirudia sentensi nzima. Nikamuuliza tena, polepole. Akafikiri, akasema, “Jogoo.” Alikuwa anasoma sauti tu, nami kwa miezi saba nilikuwa nampongeza.

Kitabu cha kiada hakikuweza kumsaidia, kwa maana alikuwa amekikariri chote. Nilifunga kamba ya katani ukutani, kutoka dirishani hadi mlangoni, nikatundika vitabu vya hadithi nilivyoazima kwa rafiki yangu wa shule nyingine, na kila siku baada ya uji tukawa na dakika ishirini za kusoma mtu anachokitaka. Simwulizi mtoto swali lolote katika dakika hizo. Katika wiki ya sita au ya saba yule mvulana alikuwa amekaa peke yake pembeni na kitabu cha fisi aliyenasa kwenye mtego wake mwenyewe. Ghafla alicheka. Hakuna aliyekuwa amemsomea, wala hakuna mwenzake aliyekuwa karibu. Kile kicheko ndicho kilichoniambia kwamba sasa anaelewa, na hakuna jaribio lolote la mwezi lililowahi kuniambia hivyo.

Hofu yangu kuhusu chumba cha maktaba ni kwamba kikijengwa, hupewa darasa la sita na la saba kwa ajili ya kujisomea mtihani, na wadogo huambiwa bado hawajafika huko, wakati wao ndio wenye haja kubwa zaidi.

Jambo moja dogo la kuongezea. Hadithi nyingi tunazoletewa ni za pwani, zimejaa pweza, ngalawa na mikoko. Si vibaya mtoto wa Chemba kuijua bahari, nami huwachorea, lakini anahitaji pia kuona mahali kwao ndani ya kitabu. Kwa hiyo watoto hunisimulia habari zao, za kurina asali, za nyani shambani, za mbuyu uliogeuka kisima wakati wa masika kwa maji yaliyotuama ndani yake, nami ninaziandika kwa kalamu nene kwenye karatasi za manila na kuzishona kwa uzi. Tuna vitabu kumi na moja vya namna hiyo sasa. Ndivyo vinavyochakaa haraka kuliko vyote.

Mjumbe wa Kamati ya Shule, Kongwa

Nimesoma kwa makini, na ninaomba nisieleweke kuwa ninapinga vitabu. Ila wanaotushauri wakumbuke hali ya shule zenyewe. Tangu michango ya lazima iondolewe mwaka 2016 watoto wameongezeka sana, jambo ambalo ni jema, lakini matundu ya vyoo, madawati na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 hubaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu vya kiada. Inayofika shuleni ndiyo ya chaki, mitihani, ukarabati na mengine yote. Sisi wa Kamati tunapokaa mezani tunagawanya kitu kisichogawanyika.

Tena nitasema nililoliona. Katika kata moja isiyo mbali na kwetu wafadhili walijenga chumba kizuri cha maktaba, chenye rafu, mikeka na twiga aliyechorwa ukutani. Mwaka wa kwanza kilichangamka. Mwalimu aliyekisimamia akahamishwa, hakukabidhi kwa mtu, na nilipopita mara ya mwisho kilikuwa kimejaa magunia ya mahindi ya uji. Vitabu vilikuwa chini ya magunia.

Kwa hiyo mimi ninauliza jambo moja tu kabla ya kamba na rangi: nani atasimamia, na muda huo umeandikwa wapi? Mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki hawezi kuongezewa maktaba kwa maneno ya mdomo. Kama haimo kwenye ratiba ya shule iliyobandikwa ofisini, ikiwa na jina la msimamizi na la msaidizi wake, haitavuka mwaka.

Mama wa Watoto Wanne, Bahi

Mimi si mwalimu, lakini ninaomba kusema kuhusu vitabu kwenda nyumbani.

Binti yangu wa tatu alikuwa anaazima kitabu kila Ijumaa katika shule aliyokuwa anasoma zamani. Nyumbani tunaishi na mama mkwe wangu, ambaye hajui kusoma, na Kiswahili anakisikia ila kukizungumza anachagua maneno. Jioni, baada ya kuosha vyombo, mtoto alikuwa anakaa karibu na taa ya sola, anasoma ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kisha anamweleza bibi yake kwa Cigogo. Bibi alikuwa na maswali mengi. “Huyo sungura amewadanganya wangapi mpaka sasa?” Mtoto ikabidi arudi nyuma kutafuta. Ninaamini alijifunza zaidi kwa maswali ya bibi yake kuliko kwa mazoezi ya daftarini, maana alilazimika kuelewa kwanza ndipo aeleze.

Sasa nyumba yetu wakati ule ilikuwa tembe. Usiku mmoja wa Januari mvua ilikuwa kubwa, paa likavuja pembeni, maji yakaingia kwenye mkoba wa shule, kitabu kikalowa chote. Nilikipeleka mwenyewe shuleni kuomba radhi. Niliambiwa nilipe shilingi 15,000, na mtoto akasimamishwa mbele ya wenzake mstarini na kitabu kile mkononi. Nililipa nilipouza kuku. Lakini mtoto hakuazima tena, na mimi nami, ninakiri kwa masikitiko, sikumhimiza tena. Wazazi wengine watatu waliwakataza watoto wao wiki hiyohiyo, wasije wakadaiwa.

Kwa hiyo mwalimu wangu wa Chamwino, umeuliza alipe nani. Ninakuomba mliamue jambo hilo na wazazi kwenye mkutano kabla ya kitabu cha kwanza kutoka, na liamuliwe kwa namna ambayo mtu anayeishi kwenye tembe hataogopa kumruhusu mwanawe.

Mkutubi Mstaafu, Dodoma Mjini

Pole sana, mama. Kitabu kilicholowa mara nyingi kinaokolewa. Kinasimamishwa kivulini penye upepo, si juani, kurasa zikiwa zimefunguka, karatasi safi zinazokausha maji zinawekwa kila baada ya kurasa chache na kubadilishwa, na kikikaribia kukauka kinalazwa chini ya tofali mbili hadi kinyooke. Kitabaki na mabaka lakini kitasomeka. Ningefurahi kama mtoto wako angefundishwa kufanya hivyo badala ya kusimamishwa mstarini. Shule niliyowahi kuishauri ilikubaliana na wazazi wake kwamba aliyeharibu au kupoteza kitabu asilipe fedha, bali aje siku mbili kusaidia kubandika na kushona vitabu vilivyochanika, na baadhi ya wasaidizi wazuri wa maktaba walipatikana kwa njia hiyo.

Ndugu yangu wa Kongwa, la ratiba umelisema vizuri kuliko mimi. Ninaongeza kwamba wanafunzi wanne au watano wa darasa la tano wakifundishwa daftari la kuazima, mwalimu hubaki na kazi ya kukagua mara moja kwa wiki. Wachaguliwe wa darasa la tano, ili wawepo mwaka unaofuata kuwafundisha wengine, hata mwalimu akihamishwa.

Mwalimu wa Taaluma, Chamwino

Ninawashukuru nyote. Niliyachapa maoni yenu, nikampelekea mwalimu mkuu, akayasoma yote mbele yangu. Aliposoma habari za mchwa aliinuka, akachukua ufunguo, tukaenda stoo pamoja.

Maboksi mawili ya chini, yaliyogusa ukuta wa nyuma, yalikuwa mepesi. Tulipoteza vitabu 31. Kimoja kilikuwa kimebaki jalada na ukurasa wa mwisho, katikati ni udongo. Mwalimu mkuu alikishika muda mrefu, kisha akaniambia niandike barua ya kuitisha Kamati.

Kamati imekaa Ijumaa. Tumekubaliana kuanza na darasa la pili na la nne kwa muhula mmoja, kwa vitabu 120 vilivyochaguliwa, na vilivyosalia vipandishwe juu ya meza wakati tunaendelea kuvichambua. Muda wa maktaba umeingizwa kwenye ratiba, Jumanne na Alhamisi baada ya uji, nami nimeandikwa msimamizi pamoja na mwalimu wetu wa darasa la pili. Suala la kwenda na vitabu nyumbani limeachwa hadi mkutano wa wazazi wa mwisho wa mwezi, na nimeomba maneno ya mama wa Bahi yasomwe pale bila kutaja mtu. Tofali za wazazi zimepangwa vizuri na kufunikwa, chumba hakijafutwa.

Nina swali moja la vitendo kwa mwalimu wa Chemba. Hiyo kamba ya katani unavitundikaje vitabu bila kuvitoboa?

Mwalimu wa Darasa la Pili, Chemba

Usitoboe. Kifungue kitabu katikati, ukikalishe juu ya kamba kama shuka iliyoanikwa. Vizito vitashuka, kwa hiyo hivyo vibane kwa vibanio vya nguo. Na kamba iwe chini, usawa wa kifua cha mtoto mdogo kuliko wote darasani. Mimi mwanzoni niliifunga usawa wangu, nikakaa wiki nzima nikishangaa kwa nini hawavichukui.